Mont Liggins: daktari aliyejifunza kwa kondoo jinsi ya kuwaokoa watoto njiti

Mwanamke anayeshikwa na uchungu mimba ikiwa ya miezi saba, akiwahi kufika hospitali, huenda akachomwa sindano wakati mtoto bado hajakaribia kutoka. Baada ya saa 12 anachomwa nyingine, kisha nyingine, mpaka zitimie nne. Wengi hudhani ni sindano ya kukata uchungu. Siyo. Dawa ile haimlengi mama. Inaingia kwenye damu yake, inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni, ikamwandae kupumua. Na mtoto akiweza kupumua vizuri, ubongo wake nao unapata kinga.

Dawa hiyo ni ya jamii ya steroidi. Kwetu inayotumika zaidi ni deksamethasoni, ambayo wauguzi huiita kwa kifupi deksa. Si dawa ya bei kubwa, na hospitali huitumia pia kwa maradhi mengine tofauti kabisa. Aliyegundua kwamba dawa za namna hii zinaweza kumwokoa mtoto njiti hakuwa akitafuta jambo hilo. Alikuwa na swali jingine, na jibu lake alilitafuta kwa kondoo.

Aliitwa Graham Liggins, ingawa tangu utotoni watu walimwita Mont, na Mont alibaki hadi kufa. Alikuwa mtu wa New Zealand, nchi ya visiwa iliyo mbali upande wa kusini-mashariki mwa Australia, ambako kondoo ni wengi kuliko watu. Wasikilizaji wetu wafugaji wa Kaliua, Ulyankulu na Urambo huenda wakamwelewa mtu huyu upesi kuliko madaktari wengi wa wakati wake walivyomwelewa.

Alizaliwa tarehe 24 Juni 1926 katika mji mdogo wa Thames. Mji huo uliwahi kufurika watu enzi za dhahabu, dhahabu ikapungua, watu wakatawanyika. Wasikilizaji wa Nzega hawahitaji maelezo zaidi. Baba yake alikuwa daktari wa hapo, na kijana alifuata njia hiyo hiyo. Alisoma sekondari mjini Auckland, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago na kuhitimu mwaka 1949. Baadaye alikwenda Uingereza kubobea katika magonjwa ya wanawake na uzazi. Mwaka 1959 alirudi nyumbani kufanya kazi katika hospitali ya uzazi ya National Women's, Auckland.

Hapo alimkuta daktari mwenzake, William Liley, ambaye mwaka 1963 angekuwa mtu wa kwanza duniani kufanikiwa kumwongezea damu mtoto aliye bado tumboni. Liggins alimwomba ushauri: achague tatizo gani la kulitafiti? Liley alimshauri atafute tatizo lililo kubwa na ambalo linaweza kupatiwa jibu. Liggins akachagua uchungu unaokuja kabla ya siku. Alidhani ni tatizo linalotatulika. Mpaka leo halijatatulika, na mwenyewe baadaye alikuwa akilisema hilo kwa kicheko. Alichokipata njiani kilikuwa kitu kingine.

Pumzi ya mtoto njiti

Ili kuelewa alichokipata, lazima tujue watoto hawa walikuwa wakifa kwa nini.

Mapafu yetu yana vifuko vidogo mno vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Vifuko hivyo vina unyevu ndani. Chukua mfuko wa nailoni, ile tuliyokuwa tukibebea sokoni kabla ya kupigwa marufuku mwaka 2019, uloweshe maji kisha ujaribu kuufungua. Pande zake zinashikana, na kuzitenganisha ni kazi. Mapafu ya mtoto njiti yako hivyo. Mtoto aliyetimiza siku zake ana utelezi maalum ndani ya vifuko, madaktari huuita safakitanti, unaozuia visishikane kila anapotoa pumzi. Mtoto njiti hana utelezi huo wa kutosha. Kila pumzi kwake ni kama pumzi ya kwanza. Anavuta, mbavu zinabonyea ndani, anakoroma, na baada ya siku moja au mbili nguvu zinamwishia.

Kwamba kinachokosekana ni utelezi huo, alilionyesha daktari mwanamke wa Marekani, Mary Ellen Avery, mwaka 1959. Lakini kujua sababu hakukuwa kupata tiba. Agosti 1963 mke wa Rais John Kennedy wa Marekani alijifungua mtoto wa kiume, Patrick, wiki tano na nusu kabla ya wakati. Hakuna mtoto aliyekuwa na madaktari wengi wa kumhangaikia kuliko yule. Alifariki baada ya siku mbili, kwa sababu ya mapafu. Kama ikulu ya Marekani ilishindwa, zahanati ya kijijini ilikuwa na nini?

Ubongo unaingia hapa. Ndani ya ubongo wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32, kando ya vyumba vidogo vyenye maji katikati ya kichwa, kuna mishipa ya damu myembamba na laini sana. Ni mishipa ya muda tu, ambayo hutoweka mimba inapokaribia kukomaa. Mtoto anapohangaika kupumua, hewa kwenye damu yake inapungua na msukumo wa damu unapanda na kushuka ovyo. Mishipa ile haihimili, inapasuka. Damu inavuja ndani ya ubongo, mara nyingi katika siku tatu za kwanza za maisha. Ikiwa kidogo, mtoto anaweza kukua bila alama yoyote. Ikiwa nyingi, anaweza kufa, au maji yakajaa kichwani, au baadaye akaonekana ana mtindio wa ubongo: shingo haikazi, miguu inakakamaa, wenzake wanatembea yeye hajakaa.

Mtindio wa ubongo una sababu nyingi, na siyo kila mtoto mwenye hali hiyo alizaliwa njiti. Lakini mama wa mtoto wa namna hii huambiwa mengi kijijini, mara amelogwa, mara alivunja mwiko. Kumbe pengine yalikuwa ni matone ya damu yaliyovuja siku ya pili, nesi akiwa anahangaika kutafuta oksijeni.

Nani anaanzisha uchungu?

Swali la Liggins lilikuwa hili: ni nani anayeamua kwamba siku za kuzaliwa zimefika, mama au mtoto? Madaktari wengi waliamini ni mwili wa mama. Liggins alishuku ni mtoto.

Dalili alizipata kwa wafugaji. Huko Idaho, Marekani, kondoo wenye mimba changa waliokula mmea fulani wa porini walizaa watoto wenye vichwa vilivyoharibika, wengine jicho moja tu katikati ya paji la uso. Tena mimba hizo zilipitiliza siku. Kulikuwa pia na ng'ombe wa aina ya Guernsey ambao baadhi ya mimba zao zilipitiliza, na ndama akionekana hana tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, tezi ya pituitari. Kichwa cha mtoto kikiharibika, siku hazifiki. Kwa Liggins hilo lilitosha kuanzia.

Alikwenda California, katika Chuo Kikuu cha Davis, kufanya kazi na watafiti wa mifugo. Huko alijifunza kumpasua kondoo mwenye mimba, kuiunguza tezi ile ya mwana-kondoo aliye tumboni, kisha kushona na kusubiri. Mfugaji anajua kondoo hubeba mimba miezi mitano. Kondoo wa Liggins walipitiliza miezi mitano na uchungu haukuja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1967.

Aliporudi New Zealand aliligeuza jaribio. Katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Ruakura, karibu na mji wa Hamilton, aliwapa wana-kondoo walio tumboni kotisoli, ile homoni ambayo tezi za juu ya figo huitengeneza zikiamriwa na pituitari. Safari hii uchungu ulikuja mapema. Kwa kondoo jibu lilikuwa limepatikana: mtoto ndiye anayebisha hodi. (Kwa binadamu mambo ni tofauti, sindano ya steroidi haimwanzishii mama uchungu. Tunalisema hili mapema kwa sababu hofu hiyo ipo.)

Asubuhi moja alikuta mwana-kondoo amezaliwa mapema mno, akiwa na umri ambao mapafu huwa bado ni kama ini, hayana hewa. Alitegemea kumkuta amekufa. Alikuwa anapumua. Hakuishi muda mrefu, na Liggins alipompasua aliona sehemu za mapafu zimejaa hewa. Mtafiti mwingine angeandika tarehe na kuendelea na kondoo wa pili, maana mapafu hayakuwa swali lake. Yeye alisimama hapo. Kama kotisoli ilikuwa imeyakomaza mapafu kabla ya wakati, basi mama anayekaribia kujifungua mapema angeweza kupewa dawa ya namna hiyo. Taarifa ya kondoo hao aliichapisha mwaka 1969.

Akina mama 282

Katika hospitali yake alikuwepo daktari wa watoto, Ross Howie. Wawili hawa walikubaliana wasiwape dawa akina mama wote kisha wakafurahia waliopona. Walipanga kwa bahati nasibu: nusu wapate dawa ya steroidi iitwayo betamethasoni, nusu wapate dawa nyingine isiyo na nguvu hiyo. Walianza Desemba 1969, mwaka ule ule habari ya kondoo ilipochapishwa. Leo mpango kama huo ungekaa mezani kwa miaka kabla ya kuidhinishwa, na nadhani kuna kilichopatikana na kilichopotea katika mabadiliko hayo.

Mwaka 1972 walichapisha matokeo ya akina mama 282 wa kwanza. Kati ya watoto ambao uchungu ulianza wenyewe, waliokufa katika siku za mwanzo walikuwa asilimia 15 upande usiopata dawa, na asilimia 3.2 upande uliopata. Shida ya kupumua ilishuka kutoka karibu asilimia 26 hadi asilimia 9. Kwa wale wadogo zaidi, chini ya wiki 32, tofauti ilikuwa ya kushangaza: saba katika kila kumi walipata shida ya kupumua bila dawa, lakini karibu mmoja tu katika kumi pale mama alipokuwa amepata dawa angalau saa 24 kabla ya kujifungua.

Kulikuwa na sentensi moja kuhusu ubongo. Kati ya watoto ambao mama zao walipata dawa saa 24 au zaidi kabla ya kujifungua, hakuna aliyekufa kwa ugonjwa ule wa mapafu, wala aliyekufa akiwa na damu iliyovuja ndani ya ubongo. Liggins alilenga mapafu, na ubongo nao ukafaidika. Baadaye tafiti nyingi zilithibitisha kwamba uvujaji wa damu kwenye ubongo unapungua, kwa sababu mtoto anapumua kwa utulivu, na inaaminika pia kwa sababu dawa yenyewe huikomaza mishipa ile laini.

Mtu angedhani baada ya hapo dunia nzima ingeanza kutumia dawa hii. Haikuwa hivyo. Tafiti nyingine zilifanyika, nyingi zikionyesha jambo lile lile, na miaka ikapita. Madaktari walikuwa na hofu. Waliyakumbuka maafa ya thalidomide, dawa iliyopewa wajawazito na watoto wakazaliwa bila mikono au miguu. Katika utafiti wa Liggins wenyewe kulikuwa na dokezo kwamba kwa akina mama wenye shinikizo kubwa la damu la mimba, vifo vya watoto tumboni huenda viliongezeka. Tafiti za baadaye hazikulithibitisha, lakini wasiwasi ulikuwa umeshaingia. Tena kazi ilitoka New Zealand, siyo London wala Boston. Nina hakika na hilo lilichangia, ingawa wakubwa wa taaluma hawapendi kulikiri.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990, nchini Marekani kwenyewe, kati ya akina mama watano waliojifungua watoto wadogo sana, hata mmoja kamili hakuwa amepewa sindano hiyo. Mwaka 1993 ulianzishwa mtandao wa watafiti unaoitwa Cochrane, ambao kazi yake ni kukusanya tafiti zote za tiba fulani na kuzisoma kwa pamoja. Nembo yao ina mistari midogo saba ya mlalo, na kila mstari ni utafiti mmoja wa steroidi kwa akina mama wanaokaribia kujifungua kabla ya siku. Waliichagua ili iwakumbushe watoto wangapi walikufa wakati jibu liko kabatini. Mwaka 1994 wataalamu wa Marekani walikutana wakapendekeza rasmi itumike. Ilikuwa imepita miaka 22.

Ubongo, tena

Kulikuwa na hofu moja ambayo haikuwa ya kipuuzi. Steroidi inakomaza viungo, lakini kukomaza upesi maana yake pia ni kusimamisha kukua. Kwa wanyama, dozi kubwa au za kurudiarudia zilipunguza ukuaji wa ubongo. Je, tunamwokoa mtoto halafu anakuja kushindwa shuleni?

Watu wa Auckland walifanya jambo ambalo wachache hulifanya: waliwafuatilia watoto wale. Waliwapima wakiwa na miaka minne na sita. Walipofikisha miaka 30 waliwatafuta tena, na 192 walipimwa akili, kumbukumbu na hali ya nafsi. Waliopata dawa tumboni hawakuwa nyuma ya wale ambao hawakupata. Ilionekana tofauti ndogo tu katika namna mwili unavyotumia sukari.

Lakini wale walipata dozi moja kamili, na kwa wakati uliofaa. Mwaka 2020 watafiti wa Ufini walitoa taarifa ya watoto zaidi ya 670,000. Watoto waliopewa dawa tumboni kisha wasizaliwe njiti, wakakaa mpaka miezi tisa yao, walionekana baadaye kuwa na matatizo ya akili na tabia zaidi kuliko wenzao. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kusema kwa uhakika kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Hata hivyo unaelekea upande mmoja na mengine yanayojulikana: kwa mtoto anayekuja kweli kabla ya siku, faida ni kubwa; kwa mtoto ambaye haji, amebeba mzigo wa bure.

Afrika Mashariki tumeliona hili kwa karibu. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, ukihusisha karibu watoto 100,000. Lengo lilikuwa kueneza sindano hii hadi ngazi za chini kabisa za huduma. Watoto wadogo hawakuokoka zaidi. Vifo vya watoto wachanga kwa ujumla viliongezeka, karibu vitatu na nusu zaidi kwa kila watoto 1,000, na maambukizi kwa akina mama yakaongezeka. Umri wa mimba ulikuwa ukikisiwa, wengi waliochomwa hawakuwa wakijifungua njiti, na njiti waliozaliwa hawakukuta huduma ya kuwapokea.

Shirika la Afya Duniani likarudia kazi hiyo kwa njia nyingine. Safari hii ilikuwa katika hospitali zenye uwezo, umri wa mimba ukipimwa kwa ultrasaundi, katika Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistani. Akina mama 2,852 walishiriki, mimba zikiwa kati ya wiki 26 na 34. Dawa ilikuwa deksamethasoni ile ile tunayoijua. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: vifo vya watoto vilikuwa asilimia 23.5 kwa wasiopata, na asilimia 19.6 kwa waliopata. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda, maana kuendelea kuwanyima wengine kungekuwa dhuluma.

Kutoka Kaliua hadi hospitali

Kwa hiyo dawa ni ile ile, na kinachobadilisha matokeo ni mahali, saa na hesabu ya wiki. Kwa mtu wa Kaliua haya ni mambo mazito. Njia hii ya kutoka Tabora kwenda Ujiji ni ya kale kuliko reli. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita hapa na mizigo, wengine wakiwa na wake zao na watoto, na wapo wanawake waliojifungulia safarini. Siku hizi reli inagawanyika hapa hapa Kaliua, moja Kigoma, moja Mpanda. Lakini anayetoka kijiji cha ndani kwenye mashamba ya tumbaku bado anahesabu umbali kwa bodaboda na matope.

Sindano ya Liggins inahitaji muda wa kufanya kazi. Inafanya kazi vizuri zaidi mtoto akizaliwa baada ya saa 24 na kabla ya siku saba. Mama anayevumilia uchungu usiku mzima akisema labda utatulia, amezitumia saa hizo nyumbani. Chupa ikipasuka kabla ya miezi minane kutimia, au tumbo likibana na kuachia kwa mpangilio, au damu ikitoka, hata kama maumivu ni kidogo, ni wakati wa kuondoka. Kituo cha karibu kinaweza kumwangalia na kumpa rufaa mapema. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, iko Tabora mjini. Safari ya mtoto njiti ni salama zaidi akiwa bado tumboni kuliko akiwa ameviringishwa khanga kwenye pikipiki.

Hesabu ya wiki huanza mwanzo kabisa, kliniki. Anayewahi katika miezi mitatu ya kwanza, akaikumbuka tarehe ya hedhi yake ya mwisho na ikaandikwa kwenye kadi, anampa daktari kitu cha kushika. Shirika la Afya Duniani linataka sindano itolewe kati ya wiki ya 24 na ya 34, pale kujifungua mapema kunapoonekana wazi, mama akiwa hana maambukizi, na mahali ambapo mtoto ataweza kusaidiwa kupumua, kupashwa joto kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kulishwa na kutibiwa maambukizi. Mama anaweza kuuliza: mimba yangu ina wiki ngapi, na kama mtoto anakuja mapema, hapa mna uwezo wa kumpokea au niende mbele?

Na deksa ya dukani? Wapo wanaoinunua ili wanenepe mashavu. Huo ni mchezo mbaya kwa mtu yeyote, na kwa mjamzito ni mbaya zaidi. Asijichome, asimeze, asikubali kuchomwa na jirani kwa sababu ana dalili za njiti.

Liggins mwenyewe hakukaa kwenye sifa. Alikwenda Antaktika, kwenye barafu ya kusini ya dunia, kuchunguza sili wanaozama majini zaidi ya saa nzima bila kupumua, akitaka kujua mtoto aliye tumboni mwa sili anaishije wakati mama yake amebana pumzi. Mwaka 1991 alipewa cheo cha Sir. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Auckland kilianzisha taasisi ya utafiti yenye jina lake. Tuzo ya Nobel hakuipata. Alifariki Auckland tarehe 24 Agosti 2010, akiwa na umri wa miaka 84.

Utafiti wake na Howie uliendelea kupokea akina mama hadi mwanzoni mwa 1974, na waliohusika walifikia zaidi ya 1,100. Watoto wale sasa ni watu wa makamo, wengine wana wajukuu. Walipokaribia miaka 50 watafiti wa taasisi ile yenye jina la Liggins waliwapigia hodi kwa mara nyingine, safari hii kuhusu moyo na shinikizo la damu. Waliopata sindano tumboni hawakuwa na maradhi ya moyo zaidi ya wenzao.